Jicho, kamera au data za mitambo mikubwa: njia ipi ifae kufuatilia nyota geugeu na supanova

Mtu anayetaka kufuatilia nyota zinazobadilika mwangaza ana njia nne mbele yake: kukadiria kwa jicho, liwe peke yake au likisaidiwa na darubini, kupiga picha kwa kamera ya kawaida ya DSLR (ile ya lenzi za kubadilisha), kupima kwa kamera ya kisayansi iliyopozwa na kufungwa kwenye darubini, au kutumia vipimo ambavyo mitambo mikubwa ya kukagua anga hukusanya usiku hadi usiku na kuviacha wazi kwa yeyote anayevihitaji. Mara nyingi njia hizi hupangwa kama ngazi, jicho likiwa chini na mitambo mikubwa juu, na mgeni hushauriwa apande haraka awezavyo. Mpangilio huo unapotosha. Swali la kwanza linahusu nyota yenyewe: hubadilika kwa kiasi gani, kwa kasi gani, na huwa hafifu kiasi gani inapofika chini kabisa. Ukishapata majibu hayo, njia moja au mbili zitajitoa zenyewe.

Mwangaza hupimwa kwa magnitudo, na namba zake huenda kinyume na mazoea, kwa kuwa namba ndogo ndiyo ya nyota angavu zaidi. Tofauti ya magnitudo 5 ni sawa na mwangaza kuzidi mara 100, hivyo magnitudo moja ni takriban mara 2.5. Jicho lililozoea kazi hii hukosea kwa magnitudo 0.1 hadi 0.2, kamera ya DSLR ikitumiwa kwa uangalifu hukosea kwa 0.02 au 0.03, kamera iliyopozwa hufikia 0.01 na hata chini ya hapo. Weka namba hizo kando ya badiliko la nyota unayoitaka. Chi Cygni katika mizunguko yake mikubwa hupanda hadi karibu magnitudo 3.3 na kushuka hadi karibu 14, mzunguko mmoja ukichukua siku 408 hivi, na hapo mwangaza wake unakuwa umebadilika zaidi ya mara 10,000. Kosa la 0.1 katika badiliko kubwa namna hiyo halifichi chochote cha maana. Kinyume chake, nyota ya aina ya Delta Scuti inayopanda na kushuka kwa magnitudo 0.05 ndani ya saa mbili haiwezi kufuatiliwa kwa jicho, hata mwangalizi awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Kukadiria kwa jicho

Mwangalizi huchagua nyota mbili za kulinganishia ambazo mwangaza wake unajulikana na haubadiliki, moja angavu kidogo kuliko nyota anayoichunguza na nyingine hafifu kidogo, kisha hukadiria nyota yake imesimama wapi kati ya hizo mbili. Ikiwa moja ni 8.2 na nyingine ni 8.8, na nyota yake ameiona imesogea theluthi moja kutoka kwenye ile angavu kuelekea ile hafifu, ataandika 8.4 pamoja na saa na tarehe. Ramani za AAVSO, chama cha waangalizi kilichoanzishwa nchini Marekani mwaka 1911, huandika namba za nyota hizo bila nukta, yaani 82 na 88, ili nukta ya desimali isije ikadhaniwa kuwa ni nyota. Kadirio moja huchukua dakika chache, halihitaji umeme wala kompyuta, na mawingu yanayofunguka kwa robo saa tu yanatosha kulifanya. Wamiliki wa kamera hawana faida hiyo ya mwisho, na kwa mtu anayeishi mahali penye mawingu mengi huenda ndiyo inayoamua.

Nguvu kubwa zaidi ya jicho ni urefu wa kumbukumbu zake. David Fabricius aliona kubadilika kwa Mira mwaka 1596, na nyota hiyo, ambayo mzunguko wake ni wa wastani wa siku 332, imeendelea kukadiriwa kwa macho ya watu kwa vizazi vingi. Anayetaka kujua kama mizunguko ya nyota nyekundu za namna hii inarefuka au kufupika kadiri nyota zinavyozeeka anahitaji mfululizo wa miaka mia moja na zaidi, na kipimo cha aina hiyo kipo kimoja tu. Kadirio lako la wiki hii linaungana na ya wazee hao kwa sababu chombo kilichotumika ni kilekile. Albert Jones wa New Zealand alifanya makadirio zaidi ya 500,000 kwa jicho katika maisha yake, na thamani ya kazi hiyo imetokana na kutokatika kwake kuliko usahihi wa kadirio moja moja.

Udhaifu wa jicho unajulikana vizuri, na ni lazima uzingatiwe kabla ya kuchagua. Nyota nyingi za mzunguko mrefu ni nyekundu, na nyota nyekundu huzidi kuonekana angavu kadiri unavyoikazia macho, kwa hiyo inafaa kutupia jicho kwa muda mfupi na kuhamia haraka kwenye nyota za kulinganishia. Waangalizi wawili wazuri wanaweza kutofautiana kwa sehemu kadhaa za kumi za magnitudo juu ya nyota hiyohiyo nyekundu, kila mmoja akiwa thabiti katika makadirio yake mwenyewe. Hatari nyingine ni kumbukumbu: aliyeandika 7.6 jana huona 7.6 leo. Ndiyo sababu nyota za polepole kama Mira au R Leonis zinatosha kuangaliwa mara moja kila wiki au kila siku kumi, na kuziangalia kila usiku huongeza upendeleo bila kuongeza habari.

Nyota angavu mno zina shida yake. Betelgeuse, katika kundinyota la Jabari, ilififia hadi karibu magnitudo 1.6 mnamo Februari 2020 ilhali kwa kawaida huwa karibu na 0.5, na mtu yeyote aliyekuwa na macho mazima aliweza kuona tofauti hiyo. Hata hivyo kuikadiria vizuri ni kugumu, kwa sababu nyota za kuilinganisha nayo, kama vile Aldebaran na Procyon, ziko mbali nayo angani, na ile iliyo karibu zaidi na upeo wa macho hupunguzwa mwanga na hewa nzito. Ni afadhali kusubiri nyota zote ziwe juu na katika kimo kinachokaribiana.

Darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 hutosha kwa nyota zisizoshuka chini ya magnitudo 8 au 9, na darubini ya kipenyo cha sentimita 20 huliwezesha jicho kufika karibu 13 mahali penye giza. Kwa vifaa hivyo vinafuatiliwa vizuri pia vitu vya ghafla: SS Cygni, ambayo hulala karibu na magnitudo 12 kisha huruka hadi 8 baada ya kila siku 50 hivi bila kufuata ratiba kamili, na R Coronae Borealis, ambayo hukaa karibu na 6 kwa miezi au miaka, halafu hufunikwa na masizi ya kaboni inayoyatoa yenyewe na kuporomoka, wakati mwingine hadi 14. Nyota za namna hii hufaa kuangaliwa kila usiku ulio wazi, kwa sababu ule usiku wa kwanza wa badiliko ndio unaotafutwa.

Kamera ya DSLR

Kamera hii inafaa pale ambapo nyota ni angavu lakini badiliko lake ni dogo au linahitaji saa sahihi. Delta Cephei hutoka magnitudo 4.4 hadi 3.5 na kurudi katika siku 5.37, ikipanda haraka na kushuka taratibu. Jicho huona badiliko hilo, lakini umbo la kupanda na kushuka hutoka safi zaidi kwenye picha. Algol, ambayo John Goodricke aliieleza mwaka 1783, huwa 2.1 kisha hushuka hadi 3.4 mwenzake anapoikinga kila baada ya siku 2.87, na tukio zima huchukua karibu saa kumi. Anayetaka kujua dakika ya kiini cha kupatwa huko atapiga picha mfululizo kwa saa kadhaa kabla na baada yake, kazi ambayo jicho linaweza kuifanya kwa makadirio ya kila dakika kumi au kumi na tano lakini kwa uchovu mkubwa na usahihi mdogo.

Kwa lenzi ya kawaida na mguu imara, bila mtambo wa kufuata mzunguko wa anga, picha za sekunde chache zinatosha kwa nyota za magnitudo 6 au 7. Picha zihifadhiwe katika muundo ghafi, kwa kuwa picha iliyobanwa imekwisha kuchezewa na programu ya kamera na mwangaza wake hauaminiki. Lenzi itolewe kidogo nje ya fokasi ili mwanga wa nyota uenee kwenye pikseli nyingi. Pikseli zikishiba, yaani zikijaa mwanga hadi zisiweze kupokea zaidi, kipimo kimekufa na hakuna hesabu itakayokifufua. Baada ya hapo hutumiwa rangi ya kijani pekee, ambayo iko karibu na kichujio cha V cha wanafalaki (kinachopitisha mwanga wa kijani na manjano), na wastani wa picha kumi au zaidi huchukuliwa ili kutuliza kumetameta kwa hewa. Yule ambaye tayari ana kamera ya namna hii ningemshauri aanze nayo kabla ya kufikiria kununua kitu kingine chochote, mradi nyota anazozitaka haziko chini ya magnitudo 8.

Kamera iliyopozwa kwenye darubini

Hapa usahihi unapanda, na gharama ya muda inapanda pamoja nao. Kihisi (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) cha CCD au CMOS kilichopozwa chini ya sifuri kikiwa kwenye darubini ya sentimita 20 hufika magnitudo 15 kwa picha za dakika chache, na ishara ikizidi kelele mara 100, kosa huwa karibu 0.01. Njia hii ndiyo inayofaa kwa nyota pacha hafifu zinazokingana kila baada ya saa chache, kwa nyota za RR Lyrae (zinazopanuka na kusinyaa ndani ya siku moja) zilizo mbali, kwa mabadiliko madogo ya Delta Scuti, na kwa kila kinachohitaji rangi zaidi ya moja.

Lakini usahihi wa kihisi haumaanishi kwamba kipimo ni sahihi. Picha ya anga iliyotoka kwenye kamera haitumiki kabla ya kuondolewa kelele ya kihisi kwa picha za giza, zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, na kabla ya kusawazishwa kwa picha za uwanja wenye mwanga sawa, ambazo hufichua vumbi na ukingo uliofifia. Kisha nyota inalinganishwa na zile za kulinganishia, na nyota moja ya ziada isiyobadilika inapimwa kama shahidi: ikionekana inapanda na kushuka, tatizo liko kwako na si angani. Mwisho kabisa, kila kichujio na kila kihisi hutofautiana kidogo na kiwango cha kimataifa, kwa hiyo vipimo hurekebishwa kwa hesabu inayozingatia rangi ya nyota. Mtu anayeruka hatua hizi anaweza kuandika 12.347 huku amekosea kwa 0.2, na namba hiyo inapotosha kuliko kadirio la jicho la 12.3, kwa sababu kila anayesoma kadirio la jicho anajua kosa lake ni la kiasi gani.

Ikiwa uwezo unaruhusu kichujio kimoja tu, kiwe V, kwa sababu ndicho kinachokaribiana na makadirio ya jicho na ndicho kilichotumika zaidi kwa miongo mingi. Cha pili kiwe B, cha mwanga wa buluu, ili tofauti ya B na V ionyeshe joto la nyota linavyobadilika. Kupima bila kichujio hukusanya mwanga mwingi na huvutia, lakini ningeshauri kufanya hivyo tu pale ambapo kinachotafutwa ni wakati, kama dakika ya kukingana, na si mwangaza wenyewe.

Data za mitambo mikubwa

Kwa nyota nyingi hafifu, kazi imeshafanyika. ASAS-SN, yenye vituo Hawaii, Texas, Chile na Afrika Kusini, hukagua anga lote linaloonekana usiku karibu kila siku hadi takriban magnitudo 18 kwa lenzi za sentimita 14. Mtambo wa ZTF, kwenye darubini ya Samuel Oschin huko Palomar, Marekani, ilianza mwaka 2018 na hufika karibu 20.5. Chombo cha angani cha TESS, kilichorushwa mwaka 2018, hutazama eneo moja kwa siku 27 hivi bila kukatizwa na mchana. Kituo cha uangalizi cha Vera Rubin huko Chile, chenye kioo cha mita 8.4, kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025.

Mitambo hii ina mipaka miwili ambayo anayechagua asiisahau. Mpaka wa kwanza uko upande wa nyota angavu: pikseli za ASAS-SN huanza kushiba karibu na magnitudo 10 au 11, ZTF karibu na 13, na Rubin, kwa ukubwa wake, karibu na 16. Maana yake ni kwamba nyota angavu zilizotajwa hapo juu, kama vile Mira, Betelgeuse, Algol na Delta Cephei, ni angavu mno kwa macho haya makubwa, na kadiri darubini zinavyokua ndivyo nyota hizo zinavyozidi kubaki mikononi mwa watu wenye darubini ndogo. Mpaka wa pili ni upana wa pikseli. Pikseli moja ya TESS hufunika sekunde 21 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja angani), na ile ya ASAS-SN sekunde 8, kwa hiyo mahali penye nyota nyingi mwanga wa majirani huchanganyika, na badiliko linaloonekana linaweza kuwa la nyota nyingine kabisa. Kabla ya kununua kamera kwa ajili ya nyota ya magnitudo 14, tazama kwanza kama vipimo vyake vya miaka iliyopita vipo. Vikiwepo na vikatosha, chagua nyota nyingine ambayo muda wako utaongeza kitu.

Supanova

Supanova ni nyota inayolipuka na kung'aa sana kwa muda. Hapa inabidi kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kugundua na kufuatilia.

Kugundua kwa jicho kulikuwa na zama zake. Robert Evans wa Australia aligundua supanova zaidi ya 40 kwa kutazama galaksi moja baada ya nyingine, akiwa amekariri sura zake. Supanova ya 1987A, iliyotokea katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, iligunduliwa tarehe 24 Februari na Ian Shelton na Oscar Duhalde huko Chile, na Albert Jones aliiona mwenyewe bila kuwa na habari zao. Ilifika karibu magnitudo 2.9 mwezi Mei. Leo mitambo ya kukagua anga huwahi nyingi, lakini si zote. Koichi Itagaki wa Japani aligundua SN 2023ixf katika galaksi ya M101 tarehe 19 Mei 2023. Víctor Buso wa Argentina, alipokuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini ya sentimita 40 tarehe 20 Septemba 2016, alinasa SN 2016gkg katika galaksi ya NGC 613 katika dakika zake za kwanza kabisa za kung'aa, jambo ambalo mtambo unaopita mara moja kwa usiku huwa na nafasi ndogo mno ya kulipata. Kwa hiyo anayetaka kugundua achague kamera, galaksi za karibu na picha za kurudiarudia, na kabla ya kutoa taarifa apige picha nyingine baada ya saa moja, maana asteroidi itakuwa imesogea.

Kufuatilia supanova iliyokwisha kugunduliwa ni kazi inayofikiwa na wengi zaidi, nami naiona yenye faida ya uhakika zaidi. SN 2011fe ilifika karibu magnitudo 10 na SN 2014J karibu 10.5, kwa hiyo zote mbili zilikadiriwa kwa jicho kupitia darubini za wastani. Lakini supanova kama hizo ni chache. Nyingi hazing'ai zaidi ya magnitudo 14, na huko kamera ndiyo chaguo pekee. Supanova ya aina ya Ia hupanda kwa siku 18 hivi hadi kileleni, kisha hushuka huku mwanga wake ukilishwa na nikeli-56, ambayo nusuhai yake (muda wa nusu yake kuoza) ni siku 6, na baadaye kobalti-56, yenye nusuhai ya siku 77. Aina ya II-P husimama karibu sawa kwa takriban siku 100 kabla ya kuporomoka. Kutofautisha michoro hiyo kunahitaji kipimo kila usiku au kila baada ya usiku mmoja kabla ya kilele, na mara moja kwa wiki baadaye.

Ugumu wa pekee wa supanova ni galaksi iliyo nyuma yake. Mwanga wa galaksi huingia kwenye kipimo na kuifanya supanova ionekane inafifia polepole kuliko inavyofifia kweli, hasa mwishoni, kwa hiyo inabidi picha ya galaksi isiyo na supanova itolewe kwenye picha yako. Kama huna ya zamani, utapiga nyingine baada ya mwaka au zaidi. Jambo la pili ni kwamba spektra ya supanova (mgawanyo wa mwanga wake kwa rangi) haifanani na ya nyota, na ile hesabu ya kurekebisha rangi niliyoitaja haifanyi kazi vizuri juu yake. Taja kichujio, kihisi na darubini uliyotumia, ili atakayetumia vipimo vyako afanye marekebisho yake mwenyewe.

Mfano wa T Coronae Borealis

Nyota hii ililipuka mwaka 1866 na tena mwaka 1946, na wanafalaki wamekuwa wakisubiri mlipuko mwingine. Si supanova bali ni nova inayorudia, yaani mlipuko wake hauiangamizi nyota na hutokea tena, na inafaa kutazamwa kwa sababu inazilazimisha njia zote zipeane zamu. Katika utulivu wake huwa karibu na magnitudo 10, ambapo kamera iliyopozwa hupima vizuri kupepesuka kwake kudogo na darubini ndogo hutosha kwa kadirio la jicho la kila usiku. Inapolipuka hufika karibu na 2 ndani ya saa chache, na kamera iliyokuwa ikiipima jana itashiba, mitambo ya kukagua anga itashiba, na kwa siku chache za kilele watakaobaki na vipimo ni wenye DSLR na wenye macho matupu. Ndani ya wiki moja hivi hushuka tena chini ya uwezo wa macho, na kazi hurudi kwenye darubini ya macho mawili, kisha kwenye kamera. Anayeifuatilia kwa kamera peke yake aandae mapema orodha ya nyota za kulinganishia za magnitudo 2 na 3 na muda mfupi wa kupigia picha, na ajifunze kuikadiria kwa jicho ingali katika magnitudo 10.